Kitanda nacho kinadhoofisha: barua ya wazi kwa wanaosimamia hospitali

Kwenu mawaziri wa afya, wajumbe wa bodi za hospitali, waganga wakuu na ninyi mnaopanga bajeti za wodi,

Salaam. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kazi yangu ni ya wodini, kando ya vitanda vya wagonjwa. Nina ombi moja kwenu. Kusimama, kutembea na mazoezi ya mgonjwa aliyelazwa vihesabiwe kuwa matibabu: viandikwe kwenye faili kwa kipimo, vipewe mtu wa kuvisimamia, na visipofanyika awepo wa kuulizwa. Kwa sasa sivyo ilivyo. Dozi ya antibayotiki ikirukwa, asubuhi kwenye raundi nesi wa zamu ataeleza kwa nini. Mgonjwa akimaliza siku nne hajakanyaga sakafu, raundi inampita tu, kwa kuwa faili lenyewe halina mahali pa kuliandika hilo.

Kila anayefanya kazi wodini anamjua mzee huyu. Ameingia kwa miguu yake, ana nimonia. Anawekewa dripu mkononi, mpira wa mkojo, oksijeni puani. Reli za kitanda zinapandishwa ili asianguke. Siku ya sita homa imekwisha, kifua kimetulia, majibu ya damu ni mazuri, na daktari anaandika kwamba aruhusiwe. Anashusha miguu, anajaribu kuinuka, magoti yanagoma. Wanawe wanamshika makwapani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Mapafu tumeyatibu vizuri, lakini mtu aliyekuja akijitegemea anarudi nyumbani akihitaji kushikwa mkono kwenda chooni. Ndugu wanaambiwa ni umri. Umri una sehemu yake. Sehemu nyingine, na mara nyingi si ndogo, ni zile siku sita za kulala.

Hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1947 daktari Richard Asher wa Uingereza aliwaonya wenzake waziwazi juu ya madhara ya kuwaacha wagonjwa kitandani. Enzi hizo aliyepata mshtuko wa moyo alilazwa wiki kadhaa, hadi sita, na asiruhusiwe hata kujigeuza mwenyewe. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walichapisha matokeo ya wagonjwa wa aina hiyo ambao waliketishwa kwenye kiti mapema badala ya kuachwa wamelala, na taratibu desturi ya zamani ikaanza kuvunjika. Leo hakuna daktari wa moyo anayeagiza wiki sita za kulala. Ila wodi nyingine zote tumeendelea kuwalaza wagonjwa bila hata ya mtu kuagiza. Inatokea tu yenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyeamua, hakuna anayewajibika.

Naomba mvumilie kidogo nieleze kinachofanyika mwilini, maana bila hicho ombi langu litaonekana kama la mtu anayetetea idara yake. Mtu akilala mchana kutwa, ndani ya siku chache za mwanzo ujazo wa damu mwilini unapungua, na damu ambayo moyo unasukuma kwa kila pigo inapungua pia. Mishipa inasahau kazi ya kujibana anapoinuka, ndiyo maana akisimama kichwa kinazunguka. Misuli ya mapaja na mashavu ya miguu, ambayo kila siku hubeba uzito wa mwili, haipati tena sababu ya kujijenga. Protini mpya inatengenezwa kwa uchache. Insulini inafanya kazi kwa shida, kwa sababu misuli ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, na misuli iliyolala haimezi ipasavyo. Mifupa inapoteza kalsiamu. Sehemu za chini za mapafu hazijazwi hewa vizuri, damu inatuama kwenye vena za miguu na kuweza kuganda, ngozi ya kiuno na visigino inaanza kuchubuka. Hayo yote kwa mtu mzima wa afya. Kwa mgonjwa mwenye homa, anayekula nusu sahani, mambo yanakwenda kasi zaidi.

Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza vijana watano wenye afya, wa umri wa kama miaka 20, kwa wiki tatu. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni katika mazoezi makali ulishuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watu walewale watano walipimwa tena, na ikaonekana kwamba zile wiki tatu za ujanani ziliwapunguzia uwezo huo kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Utafiti mwingine uliotoka mwaka 2007 uliwahusu wazee wenye afya waliokubali kulala siku 10 tu, huku wakilishwa kiasi cha protini kinachopendekezwa. Walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu, na nguvu za miguu zikapungua nazo. Hawakuwa na ugonjwa wowote, walilala tu.

Sasa tuangalie ni muda gani wagonjwa wetu wanalala. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha walichokiona baada ya kuwafunga vipima-mwendo mguuni wanaume 45 wazee waliolazwa, wote wakiwa wanaweza kutembea wiki mbili kabla ya kulazwa. Asilimia 83 ya muda wao hospitalini ilipita wakiwa wamelala. Kusimama na kutembea kukijumlishwa pamoja, nusu yao hawakuzidi dakika 43 kwa siku nzima. Hawa si watu walioshindwa kutembea. Ni watu ambao siku yao ya hospitalini haikuwa na kutembea ndani yake.

Upande wa tiba, habari ni nzuri, na nyingine ni za karibuni. Kule Pamplona, Hispania, wagonjwa 370 wenye wastani wa umri wa miaka 87 waligawanywa kwa bahati nasibu. Matokeo yakatoka mwaka 2019. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida, la pili lilifanya mazoezi mara mbili kwa siku, kama dakika 20 kila mara, kwa siku tano hadi saba: mazoezi ya nguvu kwa uzito uliopimwa kulingana na kila mtu, ya kujisawazisha, na ya kutembea. Kwenye kipimo cha kujihudumia chenye alama 100, waliopata huduma ya kawaida walitoka hospitalini wakiwa wameshuka alama 5. Waliofanya mazoezi walitoka wakiwa wamepanda karibu alama 2. Naomba mrudie kusoma sentensi hizo mbili. Huduma ya kawaida, inayotolewa kwa moyo na watu wenye ujuzi, iliwatoa wazee wakiwa dhaifu kuliko walivyoingia, na siku chache za kazi iliyopangwa ziligeuza mwelekeo huo katika umri wa miaka 87.

Hata kwa wagonjwa mahututi ushahidi upo. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 104 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Wote walikuwa wakisitishiwa kwa muda dawa za usingizi kila siku. Nusu yao wakaanzishiwa mazoezi ya viungo na ya shughuli za kila siku tangu siku za mwanzo. Walipotoka hospitalini, asilimia 59 ya walioanza mapema walikuwa wanajitegemea, dhidi ya asilimia 35 ya wenzao. Kuchanganyikiwa akili nako kulidumu muda mrefu zaidi kwa wale ambao hawakuanza mapema. Kwa wagonjwa wa moyo sina haja ya kurefusha: majaribio 85 yenye watu zaidi ya 23,000 yalipojumuishwa mwaka 2021, mpango wa mazoezi baada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ulionekana kupunguza vifo vitokanavyo na moyo na kupunguza kulazwa tena.

Kisha ukaja mwaka 2025 na utafiti ambao kwangu mimi ulifunga mjadala kama mazoezi ni tiba au ni ushauri wa pembeni. Watu 889 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana na kumaliza tibakemikali waligawanywa makundi mawili. Wote walipewa vijitabu vya elimu ya afya. Nusu yao wakapewa pia mtu wa kuwaongoza katika mazoezi kwa miaka mitatu, wengi wao kwa kutembea kwa kasi. Baada ya miaka mitano, walioishi bila saratani kurudi walikuwa asilimia 80 katika kundi la mazoezi na asilimia 74 katika kundi la vijitabu. Baada ya miaka minane waliokuwa hai walikuwa asilimia 90 dhidi ya 83. Dawa ya kidonge ingeleta tofauti kama hiyo, mngekuwa mmeshakaa vikao vya kuinunua.

Tazameni vizuri kilichoshinda pale. Vijitabu walikuwa navyo wote. Kilichowatofautisha ni mtu: mtaalamu wa kukutana naye, kumpangia kiwango, kumfuatilia alipolegea, kumbadilishia zoezi goti lilipouma. Maumivu ya misuli na viungo yalikuwa mengi zaidi kwa waliofanya mazoezi, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini alihitajika msimamizi. Kwa hiyo mkisikia mazoezi yanasifiwa, tafadhali msijibu kwa kuchapa mabango. Bango halimshiki mtu mkono.

Nisiwafiche upande mwingine, kwa sababu ndio unaonifanya niandike barua ndefu badala ya mistari miwili. Mazoezi yana kipimo, na kipimo kikikosewa yanadhuru. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya wagonjwa 2,104 wa kiharusi katika hospitali 56 za nchi tano. Kundi moja lilianza kuinuliwa ndani ya saa 24 na kufanyishwa kazi nyingi kuliko kawaida. Wengi wetu katika fani hii tulitarajia wangeshinda kwa mbali. Miezi mitatu baadaye, waliofikia hali nzuri walikuwa asilimia 46 katika kundi hilo na asilimia 50 katika kundi la huduma ya kawaida. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba vipindi vifupi vya mara kwa mara vilikwenda vizuri kuliko vipindi virefu.

Mwaka 2022 ulifuata utafiti wa wagonjwa 750 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Waliozidishiwa mazoezi hawakuishi siku nyingi zaidi nje ya hospitali kuliko wenzao, na matukio mabaya, kama mapigo ya moyo kuvurugika au presha kuyumba, yaliwapata asilimia 9 dhidi ya 4. Lakini wale wa kundi la pili nao hawakuachwa wamelala. Walikuwa wakifanyishwa kama dakika 9 kwa siku, na wenzao kama dakika 21. Funzo ninalolipata humo ni kwamba mgonjwa mahututi anahitaji kiasi, na kiasi hicho kinaamuliwa na mtu aliyesimama mbele yake akimtazama usoni. Wako pia wagonjwa ambao juhudi ndogo tu huwaangusha kwa siku kadhaa baadaye, wale wa uchovu sugu na baadhi ya walioachwa na matatizo ya muda mrefu baada ya korona. Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2021 uliacha kupendekeza mazoezi ya kupandishwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa wa uchovu sugu. Walikuwa wameomba kusikilizwa kwa miaka mingi kabla ya hapo, na kuchelewa kuwasikiliza kuliwaumiza.

Anayesema mazoezi ni mazuri kwa wote, basi tuwainue wote, hajasoma. Na anayesema kwa kuwa yana hatari tuwaache walale, naye hajasoma.

Niwaonyeshe kazi yenyewe inavyokuwa, ili mnapohesabu wafanyakazi mjue mnahesabu nini. Kumtoa mama wa miaka 80 kitandani hadi kwenye kiti kwa mara ya kwanza, naanza kwa kusoma faili: hemoglobini, presha ya usiku, dawa alizopewa asubuhi. Namwuliza amelalaje na maumivu yako wapi. Napandisha kichwa cha kitanda, tunakaa hivyo dakika kadhaa. Namgeuza ubavu, miguu inashuka, anasukuma kwa kiwiko, anakaa ukingoni. Hapo ndipo pana kazi kubwa kuliko inavyoonekana: visigino vimegusa sakafu au vinaning'inia, midomo ina rangi gani, anajibu haraka au anachelewa. Napima presha. Tukisimama, napima tena ndani ya dakika tatu. Ile ya juu ikishuka 20 au zaidi, tunakaa, anapiga visigino chini na kukunja vidole vya miguu, tunajaribu upya. Mpira wa mkojo uko mkono huu, stendi ya dripu mkono ule. Hatua nne, anageuka, anashika mikono ya kiti kabla ya kuketi. Ukiharakisha, anaanguka. Ukikosa mtu wa pili, hujaribu kabisa, na anabaki kitandani hadi kesho, na kesho ikiwa Jumamosi basi hadi Jumatatu.

Hapo sasa panawahusu ninyi, kwa sababu vizuizi vingi vinatoka ofisini kuliko wodini.

Kikubwa ni namna mnavyohesabu maanguko. Mgonjwa akianguka, kuna fomu, kuna barua ya kujieleza, na wodi inawekwa kwenye orodha mbaya. Mgonjwa akipoteza uwezo wa kutembea kwa sababu hakuinuliwa, hakuna fomu. Nesi mwenye wagonjwa wengi kuliko anavyoweza kuwatazama anafanya hesabu ambayo yeyote kati yenu angeifanya: anapandisha reli na kumwomba mgonjwa asishuke. Simlaumu hata kidogo. Hata vile vifaa vya kupiga kengele mgonjwa anapoinuka kitandani, jaribio la hospitalini lililochapishwa mwaka 2012 halikuona vikipunguza maanguko. Misuli inayolegea ndiyo inayoangusha watu, na sisi tunailegeza tukidhani tunawalinda. Hesabuni maanguko, ndiyo, lakini kando yake hesabuni pia ni wagonjwa wangapi wametoka kitandani leo. Idadi ya kwanza bila ya pili inawafundisha wafanyakazi kulaza watu.

Kingine ni mipira ya mkojo na dripu zinazobaki baada ya kazi yake kwisha. Kila asubuhi mtu aulize kwa sauti: hii bado inahitajika kwa nini? Mpira ukitolewa, maambukizi ya mkojo yanapungua, na mgonjwa anapata sababu ya kwenda chooni, ambayo ndiyo safari ya maana kuliko zote wodini.

Viti navyo. Wodi nyingi zina kiti kimoja cha chini mno ambacho mzee akikaa hainuki. Kiti chenye mikono na kimo cha kutosha, fremu za kutembelea zinazorekebishika, viatu visivyoteleza kwa aliyekuja na ndala, na vishikio kwenye korido: hivi si vya anasa.

Kisha watu. Nawaomba wataalamu wa fiziotherapia na wasaidizi wao waajiriwe kwa idadi inayolingana na vitanda, na wawepo Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa misuli haina mapumziko ya wikiendi. Pale ambapo wataalamu hawatoshi, wafundisheni wasaidizi wa wodi na manesi namna ya kumwinua mtu kwa usalama, na wapeni muda wa kufanya hivyo ndani ya zamu. Msiwaongezee kazi hii juu ya kazi zilizowalemea. Ndugu wa mgonjwa wanaokuja kumwona wanaweza kusaidia sana wakielekezwa, na wengi wanatamani kazi ya kufanya; ila wasigeuzwe kuwa mbadala wa mfanyakazi msiyetaka kumlipa.

Kwenye faili, naomba mstari mmoja siku ya kulazwa: wiki mbili zilizopita alikuwa anatembeaje? Peke yake, kwa fimbo, kwa kushikwa, au hatembei? Na mstari mmoja kila siku: leo amefika wapi? Siku ya kuruhusiwa, pamoja na dawa zake, apewe cheti cha mazoezi kinachosema zoezi gani, mara ngapi, kwa uzito gani, aache akiona dalili gani, na nani atamfuatilia. Kumwambia mtu “ujitahidi kufanya mazoezi” ni sawa na kumwambia “ujitahidi kunywa dawa” bila kutaja dawa.

Kwenu mnaotoa fedha za utafiti nina maneno machache. Kutembea hakuna mwenye hakimiliki nako, kwa hiyo hakuna kampuni itakayogharimia majaribio yake. Ule utafiti wa saratani ulianza kuandikisha watu mwaka 2009 na matokeo yakatoka 2025, kwa fedha za umma na za mashirika ya hisani. Fedha za miaka miwili miwili hazifikishi kazi ya aina hiyo mwisho. Pia mtakeni kila mnayemfadhili aeleze zoezi alilotumia kwa undani ambao mtu wa wodini anaweza kulirudia. Tangu mwaka 2016 kuna orodha ya vipengele 16 vilivyokubaliwa na wataalamu kwa ajili hiyo, na bado nasoma ripoti zinazosema tu “wagonjwa walifanya mazoezi”. Na wazee dhaifu, wenye magonjwa matatu kwa pamoja, wenye kusahau, msiruhusu waachwe nje ya majaribio kwa kisingizio kwamba wanaharibu takwimu. Hao ndio waliojaa wodini.

Najua fedha ni chache na kila idara inalia. Ndiyo maana naanza na jambo lisilo na gharama. Kwenye kikao chenu kijacho, ombeni mletewe idadi ya wagonjwa walioingia wakitembea wenyewe mwezi uliopita, na idadi ya walioruhusiwa wakitembea wenyewe. Mkiambiwa hesabu hiyo haipo, agizeni ianze kuwekwa wiki hiyohiyo, na mtaje jina la atakayeileta.

Wenu katika kazi,

Mtaalamu wa fiziotherapia, wodini